Alama, Jirani na Kiapo: Habari za Mali ya Mwindaji Iachwayo Mtini

Mtu akijenga nyumba hutia mlango, na mlangoni hutia komeo. Mwenye ng'ombe ana zizi la miiba, mwenye nafaka ana ghala, na mwenye fedha ana sanduku. Walakini mwindaji hana hata kimoja katika hivi. Mali yake huiacha mwituni. Ulingo wake u juu ya mti penye mapito ya wanyama, mtego wake u katika majani, na mzinga wake wa nyuki watundikwa tawini, pengine mwendo wa siku nzima toka mji wake. Mchana kutwa na usiku kucha vitu hivyo vi wazi mbele ya kila apitaye, wala hakuna mtu wa kupiga kelele. Basi twauliza: zamani mali ya namna hii ililindwa na nini?

Waalimu wengi hujibu upesi kwamba ililindwa na uganga. Husema kuwa mwizi alikuwa akiogopa dawa iliyofungwa mtini, na Injili ilipokuja kuondoa hofu ya dawa, wizi nao ukaingia. Tena wako wazee wasio Wakristo wasemao neno hilo hilo kwa uchungu, kana kwamba sisi ndio tuliofungua mlango wa mwizi. Jawabu hili lina ukweli kidogo, na kwa sababu ya ukweli huo kidogo limewadanganya wengi. Sisi twataka kuonyesha kwamba dawa na kiapo vilikuwa ulinzi wa mwisho tu, na kwamba mbele yake palikuwa na ulinzi mwingine wa namna mbili, ambao haukuwa na dhambi yo yote ndani yake. Ulinzi huo umeharibika kwa sababu nyingine kabisa, na waweza kusimamishwa tena.

Kwanza tuyaangalie maneno. Neno ulingo katika Kiswahili ni jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo au katika tanzu za mti, na watu wengi hulijua kwa habari ya shamba: mtoto hukaa ulingoni akifukuza ndege wale wa mpunga na mtama. Dungu ni jamaa yake, nalo huwa na kipaa cha kumkinga mlinzi na jua na mvua. Lindo ni mahali po pote pa kulindia, na neno lenyewe laonyesha kwamba limetoka katika kulinda. Basi jukwaa moja lina kazi mbili. Mkulima hupanda juu yake ili mnyama amwone, aogope na kwenda zake; mwindaji hupanda juu yake ili mnyama asimwone, apate kukaribia. Kazi ya yule wa kwanza ni kulinda, na kazi ya huyu wa pili ni kuvizia. Walakini wote wawili, wakiisha kushuka, huacha jukwaa lao bila mlinzi.

Ulingo wa zamani ulikuwa miti na kamba za porini. Mtu hakuweza kuuiba na kupata faida, kwa kuwa miti ya namna ile imejaa pande zote, na kuukata mwingine ni rahisi kuliko kuuchukua ule. Kilichoibwa kilikuwa mahali. Mwindaji amekaa siku nyingi akisoma nyayo, akijua saa ya wanyama kushuka mtoni na upande upepo utokako. Ndipo akachagua mti ule. Mwingine akija usiku akapanda ulingoni mwake, ameiba kazi ya siku hizo zote, ijapokuwa hakuchukua hata ufito mmoja. Kadhalika atoaye mnyama katika mtego wa mwenzake, akautega tena kama ulivyokuwa, hakuiba mtego, bali ameiba kilichofanya mtego uwe na maana.

Lakini katika mali yote iachwayo mtini, iliyokuwa kubwa ni mzinga. Katika Afrika ya Mashariki, mwindaji na mrina asali mara nyingi alikuwa mtu yule yule: Wakamba, Waogieki wa misitu ya Mau, Wanyamwezi wa pori la miyombo, na wengine wengi. Mzinga huchongwa katika gogo lililotobolewa kati, ukazibwa huku na huku kwa vifuniko. Au, kama ilivyo katika nchi za miyombo, hukunjwa kwa gome la mti. Kisha hutundikwa juu ili wanyama walao asali wasiufikie. Mtu mmoja aliweza kuwa na mizinga mingi, iliyotawanyika mahali pengi. Asali ililiwa, ikafanywa pombe ya arusi na ya mabaraza ya wazee, ikalipiwa mahari na faini. Kwa hiyo mwenye mizinga alikuwa mtu mwenye mali, na mali yake yote ilikuwa ikining'inia porini.

Tena kuna jambo lililozidisha hatari. Nyuki wa nchi zetu ni wakali, na kwa sababu hiyo asali hulinwa usiku, kwa moto na moshi. Nalo neno hili kulina, au kurina, ni la kazi hiyo hasa. Hatusemi kuchuma asali kama tuchumavyo machungwa. Basi aonaye moto ukipanda mti usiku hawezi kujua kama ni mwenye mzinga au mwizi. Saa ya kazi ya mmoja ndiyo saa ya kazi ya mwingine, na kienge cha mmoja ni sawa na kienge cha mwingine. Kama ulinzi ungekuwa wa macho tu, mizinga yote ingalikwisha kuibwa zamani.

Sasa na tutazame jinsi mwizi wa porini ajiteteavyo. Aibaye nyumbani hana neno la kusema akikamatwa, kwa kuwa nyumba yenyewe yamshuhudia. Aibaye porini ana neno moja lililo tayari: Nimeokota. Kiswahili chapambanua vizuri kati ya kuiba na kuokota. Kuokota si kosa, maana mtu huokota kuni, huokota matunda yaliyoanguka, huokota pembe ya mnyama aliyekufa. Pori limejaa vitu visivyo na mwenyewe, na mwizi hujaribu kukitia kitu chenye mwenyewe katika hesabu ya vile visivyo naye. Torati nayo yajua udhaifu huu wa mwanadamu. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mtu aonaye ng'ombe au kondoo wa ndugu yake amepotea, au nguo yake, haruhusiwi kujifanya hakuona. Imempasa kukitunza kitu hata mwenyewe aje kukitafuta. Yaani Torati yakataza kuokota kile ambacho mtu ajua, au aweza kujua, kuwa ni cha jirani yake.

Hapo ndipo tuonapo kazi ya alama, iliyo ulinzi wa kwanza. Waandishi waliochunguza habari za Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20, kama Hobley aliyetoa kitabu chake mwaka 1910, na Lindblom wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, wameeleza habari za alama za ukoo na za mwenyewe. Zilitiwa katika ng'ombe, katika mishale na katika mizinga. Alama ya mzinga si uganga. Ni mikato michache ya kisu au ya chuma cha moto katika gogo: mistari miwili, msalaba, duara, au pembe. Mtoto huijua alama ya baba yake kabla hajajua kuhesabu vema. Na alama ya mshale yaonyesha maana yake hata zaidi. Mnyama aliyepigwa kwa mshale wa sumu huweza kukimbia mbali kabla ya kuanguka, na wawindaji wengine wakamkuta kwanza. Bila alama, nyama ni ya aliyemkuta; kwa alama, ni ya aliyepiga, hata kama hayupo. Alama humfanya mwenyewe awepo mahali asipokuwapo.

Lakini alama haina nguvu ya kuzuia mkono wa mtu. Mwizi aweza kupanda mti wenye mzinga ulioandikwa sawa na usioandikwa. Kile alama izuiacho ni lile neno, nimeokota. Aliyepanda mti wenye alama hawezi tena kujidanganya wala kuwadanganya wengine kwamba kitu hakikuwa na mwenyewe. Na hiyo si kazi ndogo, maana watu wengi wasingethubutu kuiba kama wangelazimishwa kwanza kuita tendo lao kwa jina lake.

Ulinzi wa pili ni jirani. Alama ni maandiko, na maandiko yasiyo na msomaji hayana faida. Mikato ya kisu katika gogo ilikuwa na nguvu kwa sababu watu wote walioweza kupita pale waliijua ni ya nani, na mwenye kuonekana na asali asiyokuwa na mzinga wake aliulizwa aliitoa wapi. Jambo hili laonekana wazi kwa Waogieki, ambao zamani waliitwa Wadorobo, jina walilopewa na Wamaasai kwa kuwa hawakuwa na ng'ombe. Waogieki waligawanya msitu wao wa Mau kwa jamaa. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, nayo ilipanda toka chini mpaka juu mlimani, ili watu wafuate maua yakichanua zamu kwa zamu katika urefu mbalimbali wa nchi, na nyuki wao vivyo hivyo. Kwa mpango huo hapakuwa na mti mwituni usiojulikana ni wa akina nani. Mgeni akionekana katika sehemu isiyo yake, hakuna aliyengoja mpaka apande mti. Aliulizwa pale pale ametoka wapi na anakwenda wapi. Sisi tuonao msitu kwa mbali twasema ni pori tupu. Kwa wenyewe ulikuwa kama mji wenye vitongoji, kila kimoja na watu wake.

Kisha, nyuma ya alama na jirani, palikuwa na ulinzi wa tatu, nao ndio waalimu wautajao kwanza. Katika pwani mtu aliyetaka kulinda shamba au mnazi alitia kago, yaani dawa ya kumdhuru au kumtisha agusaye. Na tendo hilo liliitwa kukaga. Fingo nalo lilikuwa dawa iliyozikwa ardhini, mara nyingi katika chungu, penye mlango au njia. Katika magofu ya mji wa Gedi, karibu na Malindi, ambayo Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, vyungu vya namna hii vimeonekana vimezikwa penye milango. Bara, kila kabila lilikuwa na njia yake. Wakamba walikuwa na kithitu, kitu cha kutisha kilichopigwa kwa kijiti huku mtu akisema maneno ya kiapo. Wakikuyu walikuwa na githathi, jiwe lenye matundu, ambalo Jomo Kenyatta ameeleza habari zake katika kitabu chake cha mwaka 1938.

Lugha yetu yatusaidia kupambanua mambo haya. Kuapa ni mtu kujifunga mwenyewe kwa maneno. Kuapisha ni kumtaka mwingine ajifunge. Kuapiza ni kutupa laana juu ya mtu, hata kama hayupo na hajulikani. Basi kago ni maapizo: yule asemwaye hajulikani, pengine hayupo kabisa. Kithitu ni kiapo: mshtakiwa anajulikana, yupo, na wazee wamekaa. Hivi viwili tusivichanganye. Cha kwanza ni kazi ya mtu mmoja na mganga wake gizani. Cha pili ni kazi ya baraza mchana.

Tena twapaswa kuangalia ni wakati gani baraza lilipoleta kithitu. Halikukileta kila mzinga ulipoibwa. Kwanza wazee waliuliza habari: nani alionekana, nani ana asali, nani amenunua mbuzi bila sababu. Walitafuta mashahidi. Mwizi akijulikana alilipa. Hapo tu mashahidi walipokosekana, na mtu mmoja anasema ndiwe na mwingine anasema siye, ndipo kiapo kikaletwa. Nacho hakikumtisha mshtakiwa peke yake. Watu waliamini kwamba kithitu kikisemewa uongo huua si yule mtu tu, bali na jamaa zake. Kwa sababu hiyo ndugu zake ndio waliomsihi kwa nguvu aseme kweli kabla hajaapa. Na mtu aliyekuwa mwizi wa siku zote, aliyewashinda wote hawa, aliweza kupatwa na hukumu ya king'ole, yaani kuuawa na watu wa nchi kwa shauri la pamoja, na jamaa zake wakikubali. Twaitaja hukumu hiyo si kwa kuisifu, bali kwa kuonyesha kwamba hata katika ukali wao wa mwisho watu hawakuacha kazi kwa dawa tu. Walitaka kwanza jamaa wakubali.

Msomaji wa Maandiko hataliona jambo hili kuwa geni. Katika Kitabu cha Waamuzi, mlango wa 17, mwanamke mmoja wa milima ya Efraimu aliibiwa fedha 1,100. Hakumjua mwizi, akaapiza. Mwanawe Mika aliyasikia maapizo kwa masikio yake, akaja akasema kwamba fedha anayo yeye. Mwizi alikuwa wa nyumbani, naye hakuogopa adui wa mbali, bali sauti ya mama yake. Na tukiyaangalia maapizo yote ya kale, tutaona kwamba nguvu yake ilikuwa pale ambapo mwenye kuapiza na mwenye kusikia waliishi pamoja. Apizo lisilosikiwa na mtu halirudishi kitu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika peke yake. Sheria ya kale ya Wafranki, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 6, ilikuwa na mlango wake peke yake juu ya wizi wa nyuki. Katika misitu ya Polandi na nchi zilizo jirani yake, warina asali walichonga mizinga ndani ya miti iliyo hai, wakakata alama ya mwenyewe kwa shoka katika shina. Na kazi hiyo haikufa kabisa, hata mwaka 2020 Umoja wa Mataifa kwa mkono wa UNESCO uliiandika, kwa ombi la Polandi na Belarusi, katika hesabu ya urithi wa wanadamu. Po pote watu walipoacha mali mtini, walianza kwa alama.

Basi ni nini kilichoharibu ulinzi huu? Wengi wasema ni Injili. Sisi twaona mambo matatu yaliyotangulia au yaliyokwenda sambamba nayo.

La kwanza ni biashara. Asali ilipokuwa ya kunywewa katika kijiji, ilibidi inywewe mbele ya watu waliojua mizinga. Lakini nta ilipoanza kununuliwa kwa fedha na kupelekwa ng'ambo, kama ilivyokuwa Tabora tangu zamani za Wadachi, mambo yaligeuka. Nta ikiyeyushwa haina alama. Mnunuzi dukani haoni mzinga, wala hajui mikato ya kisu ya ukoo wo wote. Yeye hupima kwa mizani na kulipa. Hivyo mwizi alipata mahali pa kupeleka mali ambapo hakuna jirani wa kumwuliza.

La pili ni sheria za wanyama. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalifanya mkataba London wa kuhifadhi wanyama, na mwaka 1933 yakafanya mwingine. Na sheria za nchi, kama ile ya Tanganyika ya mwaka 1921, zilifuata nia hiyo hiyo. Mashimo, mitego na sumu vilikatazwa au kufungwa kwa masharti. Hatusemi kwamba wanyama hawakuhitaji kuhifadhiwa. Aliyeona jinsi tembo walivyopungua hawezi kusema hivyo. Walakini matokeo yake kwa habari ya wizi yalikuwa haya: mwenye mtego ulioibwa hakuweza tena kusimama barazani akasema, Mtego wangu umeibwa, kwa kuwa kwa maneno hayo angejishtaki mwenyewe. Na alama ya mshale, iliyomtetea mwenyewe mbele ya wenzake, sasa ikawa tayari kumshuhudia mbele ya hakimu. Mtu mwenye akili hufuta alama ya namna hiyo. Katika Kenya uwindaji wote ulikatazwa mwaka 1977.

La tatu ni kuondolewa kwa watu katika nchi yao. Ule mpango wa Waogieki, wa kila ukoo na sehemu yake, ulivunjwa mara kwa mara tangu siku za Waingereza, watu wakihamishwa na msitu kutangazwa kuwa wa serikali. Mwaka 2009 wakapewa tena amri ya kutoka Mau kwa siku 30. Shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikahukumu kwamba serikali ya Kenya ilikuwa imevunja haki zao, pamoja na haki ya mali. Na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Msitu ulipokuwa mali ya serikali, jirani aliyejua alama aliondolewa, na mzinga uliobaki mtini ukawa kama barua iliyoachwa katika nchi isiyo na wajuao kusoma.

Mfano wa mbali utatusaidia kupima neno letu. Wawindaji wa Marekani nao huwinda kulungu kwa kuvizia mtini. Ulingo wao wa siku hizi si wa miti na kamba za porini. Ni kiti cha chuma, chepesi, kilichotengenezwa kiwandani na kununuliwa dukani kwa fedha nyingi. Kwa hiyo kwao kilichoibwa si mahali tu, ni kiti chenyewe, maana chaweza kubebwa na kuuzwa kwa mtu asiyemjua mwenyewe. Wenye viti hufunga minyororo na makufuli. Na mwizi huja na mkasi wa chuma. Hapa hapana Injili iliyoondoa kithitu, wala hapana kago lililovunjwa, na hata hivyo wizi upo. Na sheria yao yasemaje? Katika jimbo la Michigan, mtu aachaye ulingo katika ardhi ya umma hutakiwa auandike jina lake na makao yake, au namba yake ya kujulikana. Watu wenye kufuli na mnyororo wamerudi kwenye alama ya Mkamba. Nayo pia, kama ya Mkamba, yafaa pale tu alipo mtu wa kuisoma.

Sasa twaja kwetu wenyewe, maana hatuwezi kusema kwamba Kanisa halina sehemu katika habari hii. Wamisionari walikataza kago na kithitu, nao walikuwa na haki ya kukataza, kwa kuwa mtu hawezi kumwabudu Mungu aliye hai huku akitafuta ulinzi kwa kitu cha kutisha kilichofichwa porini. Lakini mara nyingi walikataza na kwenda zao, wala hawakukaa barazani kuona yaliyofuata. Yakafuata mambo mawili. Mkristo mwema aliyeshtakiwa bure, alipotakiwa kupiga kithitu akakataa, alihesabiwa kuwa mwizi; kwa wazee aliyekataa kiapo amejihukumu. Na mtu asiye mwema, aliyeiba kweli, alijifunza kusema, Mimi ni Mkristo, siapi. Naye akaenda zake na asali tumboni. Hivyo jina la Bwana wetu likawa kichaka cha mwizi. Wazee waliotushutumu hawakukosa katika hili.

Torati ilimruhusu mtu, katika Kutoka, mlango wa 22, kuapa kwa Bwana pale mali aliyopewa kutunza ilipoharibika bila mtu kuona. Maana yake hata Israeli walijua shida ya tendo lisilo na shahidi. Bwana wetu alitutaka tusiape kabisa, bali ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Neno hilo si ruhusa ya kukwepa baraza. Asiyeapa anadaiwa zaidi kuliko aapaye, kwa kuwa neno lake tupu lataka kusimama mahali pa kiapo. Basi Mkristo aliyeshtakiwa asiseme siapi kisha akanyamaza. Na aje mbele ya wazee wa kanisa pamoja na wazee wa nchi, aonyeshe alikuwa wapi, afungue nyumba yake, naye akubali kuulizwa mpaka watoshwe. Kama kanisa halitaki washiriki wake waape, basi kanisa lenyewe na lichukue kazi ya kuwachunguza.

Na kwa habari ya ulinzi ule wa kwanza na wa pili, hakuna sababu yo yote ya kungoja. Alama si uganga, wala ujirani si ushenzi. Tumesikia habari za waalimu waliowakataza watoto kuchora alama za ukoo katika mizinga, wakidhani ni mambo ya mizimu. Kufanya hivyo ni kumvua mtu komeo lake la pekee. Afadhali mwalimu achukue daftari, aende na mzee ajuaye, aandike kila alama na jina la mwenyewe, na wazee wakae na daftari hilo. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kadhalika Mkristo anunuaye asali au nta, au avipimaye katika chama cha ushirika, aulize kila mara mzinga ni wa nani, na aandike jawabu. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo, na mnunuzi asiyetaka kuliuliza, wamekwisha kukubaliana.

Tena daftari hilo litakuwa na faida ya pili kwetu tupendao lugha na desturi. Alama hizi zapotea pamoja na magogo yaliyochorwa. Mizinga ya mbao yenye viunzi inaingia mahali pengi, nayo hupigwa namba kwa rangi. Na kijana aliyesoma aijua namba 14, lakini haijui tena mikato mitatu ya babu yake. Hata majina ya alama, na maneno ya kazi hii, ya kutundika, ya kuzibua, ya kulina, ya kutia moshi, hayajaandikwa yote katika kabila hata moja tulijualo. Twaomba kila mwalimu aliye karibu na warina asali achore alama azionazo, aandike jina la kila moja kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili, na ukoo unaoitumia, kisha atume. Na aulize pia neno hili: mzinga wenye alama hii ukiibwa usiku wa leo, ni nani kesho asubuhi atakayejua, na ni nani ambaye jambo hilo litamhusu? Asipopata jina hata moja la kuandika, amekwisha kujua kazi yake ni ipi mahali hapo.